Fundi Asiyetaka Msaidizi

Ndugu zangu mlio ughaibuni, nisikilizeni. Mwaka 2006, pale mtaa wa Al Baraha, huku Uarabuni, palikuwa na duka la intaneti lenye amani. Yowasi, fundi kutoka Uganda, alitunza kompyuta; mkewe Betty alipokea wateja. Viza za wote wawili zilitegemea duka hilo.

Kompyuta zilitumia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na Yowasi alijua kutengeneza vifurushi vyake. Alichukua maktaba, yaani misimbo ambayo programu nyingine huiazima, akaifunga pamoja na maelezo ya kuijenga, ili fundi yeyote aweze kuisakinisha. Lakini maktaba za programu ya kupima muda wa wateja hakuzifunga. Alizipachika kwa mkono, bila kuandika neno.

"Baba Lillian, nifundishe," Betty alimwomba, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Ukijua wewe, mimi nitakuwa nani humu?" alicheka. "Lete chai, mama."

Uchoyo wa ujuzi, jamani, huja ukicheka hivyo hivyo.

Moyo wa Yowasi ulisimama akiwa kazini. Betty aliporudi kutoka mazikoni Uganda, diski ya kompyuta kuu ikafa. Akaweka mpya, programu ikagoma: maktaba hazipo.

Musallam, arbab wao, yaani tajiri mwenye duka, alisikitika, lakini alisema, "Sister, khalas, imekwisha. Bila fundi nafunga mwisho wa mwezi."

"Usifunge. Nitajifunza."

"Wewe? Kazi yako chai!"

"Aliyekuwa akiinywa ameondoka, arbab."

Alifuta machozi, akakaa kwenye kiti cha marehemu. Aliwaandikia mafundi wa kujitolea wa Linux, wanaokagua vifurushi kabla ya kuviweka mtandaoni kwa wote, wakamwelekeza. Kifurushi chake cha kwanza walikikataa: alikuwa amesokomeza maktaba mbili ndani ya kimoja. Akazitenganisha. Wakakataa tena: hakuna leseni, yaani ruhusa ya kuusambaza msimbo. Akamtafuta mwandishi wa msimbo mpaka akaipata.

"Shoga, hawajakuchoka tu hao?" aliuliza Hilwa, Mzanzibari wa duka la jirani.

"Wakichoka wao, mimi bado."

Vifurushi vikakubaliwa. Betty akaandika amri moja. Maktaba zikaingia, programu ikafunguka.

"Mashallah!" Musallam alisema. "Yalla, ita wateja!"

Betty hakuita wateja kwanza. Alivuta kiti cha pili, akamwita Hilwa.

"Kaa. Kifurushi kinachofuata utakifunga wewe."

"Mie? Naogopa."

"Ogopa ukiwa umekaa."

FUNZO

Ujuzi usiofundishwa huzikwa pamoja na mwenyewe, na wanaoteseka ni wale aliowapenda. Mfundishe mwenzako ungali unapumua, na kazi yako iandike ili mwingine aweze kuirudia.