Ribaundi Mbili za Sukari

Duka la fotokopi lilikuwa limejaa watu hadi mlangoni, kila mmoja na karatasi mkononi na haraka kichwani. Mlingoti, mchezaji mpya wa mpira wa kikapu aliyebandikwa jina hilo kwa urefu wake, alikuwa ameinamisha shingo asigonge feni, akisubiri nakala ya kitambulisho chake. Mbele yake alisimama dada mmoja mwenye blauzi ya rangi ya machungwa, nywele kazikusanya nyuma na kuzibana kwa kalamu. Karatasi moja ikamponyoka. Mlingoti akaiokota, na kabla hajairudisha, macho yakaangukia namba ya jezi yake mwenyewe.

"Hii si mechi yetu ya jana?" akauliza. "Nani kaandika kwamba nimedaka ribaundi saba? Mimi nilidaka tisa!"

"Ulidaka saba," dada akajibu bila kugeuka. "Mbili uliziparaza tu, mwenzako akazidaka. Kuparaza si kudaka, kaka yangu."

"Wewe umejuaje?"

"Kwa sababu niliyeandika ni mimi." Ndipo akageuka, akamtazama kuanzia viatuni kwenda juu, na safari hiyo ilichukua muda. "Kumbe ukiwa karibu ndiyo mrefu hivi? Hali ya hewa ya huko ikoje?"

"Baridi. Na hakuna mtu wa kuzungumza naye."

Dada akacheka, na Mlingoti akawa amekwisha hapo hapo, mbele ya watu wote wenye haraka zao.

Wachezaji walimwita yule dada Karani. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye meza ya kando ya uwanja na kuandika ribaundi: kila mpira unaokosa kikapu, nani kaudaka. Kazi inaonekana ndogo mpaka watu wawili warefu waruke pamoja na mikono minne ishike mpira mmoja. Hapo ni jicho la Karani tu linaloamua, na ligi nzima ilijua jicho lile halikopeshi.

Mapenzi yao yalikua kwa simu zaidi kuliko kwa miguu.

"Umekula, mrefu wangu?"

"Nimekula. Ila sijashiba sauti yako."

"Acha uongo! Leo umekosa mitupo huru minne. Anayenipenda hakosi minne."

"Nilikuwa nakuangalia wewe."

"Angalia kikapu. Mimi sikimbii."

Ila ilibidi wajifiche. Sheria ya ligi ilikuwa wazi: mwenye jamaa au mpenzi uwanjani hakai mezani. Karani aliipenda kazi yake, akaomba wasubiri msimu uishe. Basi uwanjani walijitia hamnazo. Mlingoti akipita mbele ya meza, Karani alimtazama kama anavyotazama nguzo, na Mlingoti mwenyewe alikuwa amekubali iwe hivyo.

Shida ilikuwa Sukari. Huyu alikuwa mwenzake katika timu, kijana wa mabega mapana na maneno laini, asiyepita pahali bila kuacha watu wanacheka. Kila kabla ya mechi aliegemea ile meza, akamwinamia Karani na kumnong'oneza jambo, na Karani alicheka hadi meno ya nyuma yakaonekana. Mlingoti alikuwa anafunga kamba za viatu. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena.

Kama hilo halitoshi, Sukari ndiye aliyekuwa anamfuata katika ribaundi. Wachezaji wengine wa ligi waliachwa mbali sana. Mbio za kombe la mdakaji bora wa ligi zilikuwa za wao wawili. Na hapo Mlingoti akafanya kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingeweza kulifanya. Alianza kusoma karatasi za takwimu kama barua za mapenzi. Kila ribaundi aliyoandikiwa yeye aliona amekumbatiwa, na kila iliyoandikwa kwa Sukari akaihesabu kama busu.

Katika mechi ya pili kutoka mwisho, yeye na Sukari waliruka pamoja, mpira ukatua katikati ya mikono yao. Karani aliandika: Sukari.

Mlingoti hakusubiri hata kubadilisha nguo. Alimpigia simu akiwa amesimama koridoni, jasho linamchuruzika.

"Ule mpira ulikuwa wangu."

"Haukuwa wako, mpenzi. Wewe ulifika mpira umeshadakwa."

"Na wa wiki iliyopita? Na ule mwingine? Mbona kila penye utata, mpira ni wa Sukari?"

"Unataka kusema nini?"

"Nataka kusema kinachoonekana. Mimi unanitazama kama nguzo, yeye unamchekea. Mwenzangu, kama umempenda sema, usiniambie kwa kalamu."

Karani akasema polepole, "Unanituhumu kwa kazi yangu? Kwa kitu pekee ambacho sijawahi kumdanganya mtu?" Akakata simu. Tangu hapo ikawa inaita mpaka inachoka.

Mechi ya mwisho kabla ya mtoano Mlingoti aliicheza kama mwenye deni na kila mpira. Ilipomalizika, alikuwa mbele ya Sukari kwa ribaundi moja katika hesabu ya msimu. Wenzake wakamrukia mgongoni, kocha akampa mkono. Alitazama mezani, Karani alikuwa ameinama anafunga begi lake.

Ushindi huo haukumpa raha. Wivu ulimwambia kwamba kama angetendewa haki angeshinda kwa nyingi, na akaapa kumwonyesha Karani kwa ushahidi. Akamwomba mpiga picha wa timu mikanda yote ya msimu, akaenda kwa dada yake, mshonaji, ambaye alikuwa na televisheni kubwa na mdomo usio na breki.

"Haya, simamisha hapo," Mlingoti alisema. "Mpira huu wa nani?"

Dada akainua macho kutoka kwenye cherehani. "Wa yule mwenye mabega."

"Angalia vizuri, dada!"

"Nimeangalia. Wewe umeshika mkono wake, si mpira. Endelea."

Waliendelea mchana kutwa. Kila penye utata Karani alikuwa sahihi. Mlingoti akanuna, dada akashona.

Kisha ukaja mkanda wa mechi aliyoteguka mguu. Alijiona anaanguka chini ya kikapu na kubaki pale sakafuni. Mwamuzi hakupuliza, mpira uliendelea. Sukari akaudaka ulipokosa kikapu, akautoa mbele haraka, akakimbia hadi upande wa pili, mwenzake akatupa akakosa, Sukari akaudaka tena na kufunga. Uwanja mzima uligeuza shingo kumfuata.

Nyuma, mezani, mtu mmoja hakugeuka. Karani alikuwa amesimama, mkono mdomoni, anatazama chini ya kikapu ambako mpira haukuwepo tena.

Mlingoti akatoa simu, akafungua takwimu za mechi ile. Ribaundi mbili za Sukari hazikuandikwa. Hakuna aliyewahi kulalamika, kwa kuwa watu wote walikumbuka kikapu tu. Alikaa pale mdomo wazi, furaha na aibu vikigombania uso mmoja.

"Umekuja kutafuta ushahidi kwamba hakupendi," dada akasema, akikata uzi kwa meno. "Basi, umeupata?"

Asubuhi alikwenda ofisini kwa Karani, chumba kidogo chini ya majukwaa. Karani alikuwa amevaa gauni la bluu, macho mekundu kidogo, na hakumkaribisha kiti.

"Malalamiko peleka kwa kocha wako."

"Ni ya kujilalamikia mimi. Nisamehe, Karani. Nilisema upuuzi." Akamwonyesha ile sehemu ya mkanda.

Karani aliitazama, akairudia. Uso ukambadilika. "Mungu wangu. Nilizikosa."

"Sukari ndiye wa kwanza," Mlingoti akasema. "Lakini hakuna anayejua ila sisi na dada yangu. Ukisema, watauliza ulikuwa unatazama nini. Utamwaga unga wako."

"Na nikinyamaza, siku nyingine ukiniuliza mpira ulikuwa wa nani, utaniamini?"

Karani akanyanyua simu, akampigia katibu wa ligi.

"Shikamoo, Katibu. Kuna ribaundi mbili sikuziandika. Za Sukari... Ndiyo, zinabadilisha kombe... Kwa sababu mchezaji mwingine alianguka nikawa namtazama yeye... Ndiyo, Katibu, mpira ulikuwa unaendelea. Sikuuona." Akavuta pumzi. "Ni mchumba wangu."

Akaweka simu chini. "Wamenitoa mezani. Kuanzia leo."

"Karani... lakini mimi sijakuposa."

"Basi fanya haraka, kabla katibu hajapiga kuhakikisha."

Mlingoti alipiga goti, na hata hivyo macho yao yalikuwa sawa kwa sawa. Karani alisema ndiyo huku analia, na hakuna aliyejua ni kwa sababu ya kazi au ya posa.

Siku ya kwanza ya mtoano Sukari alikabidhiwa kombe. Mlingoti alimpigia makofi kwa mikono, roho ikiwa bado inachelewa. Kisha mechi ikaanza. Mtupo wa kwanza ukagonga chuma, yeye na Sukari wakaruka pamoja, Sukari akaudaka.

"Hiyo ya Mlingoti!" ikapaa sauti kutoka jukwaani. Karani alikuwa amesimama juu ya kiti pembeni ya wifi yake mshonaji, ngumi mbili hewani. "Andika ya Mlingoti, wewe kaka wa mezani! Macho umeyaacha nyumbani?"

Sukari alimgeukia mwenzake, mpira bado kifuani. "Huyo si shemeji? Lakini nimedaka mimi!"

"Najua," Mlingoti akasema, uso mzima meno. "Nenda kamwambie wewe."