Kadi Iliyotoka Chooni

Kila asubuhi, baridi ya Songea ikiwa bado inang'ata, Dorine wa darasa la sita alitoka bwenini kama mtu anayehama: ndoo mkono huu, sahani na kikombe mkono ule, kadi kaibana kwa meno. Na si yeye tu, shule nzima ilikuwa hivyohivyo. Kila mwanafunzi alikuwa na kadi mbili. Ya zamani ilifungua geti la bweni, mpya ikafungua bwalo la chakula. Ukizichanganya, mlango unagoma na foleni inakuzomea.

"Toa hiyo mdomoni," Jane alimnong'oneza kwenye foleni ya uji.

"Kwa nini?"

"We toa tu."

"Jane, nina ndoo. Sema."

Jane, rafiki yake wa kitanda cha juu, alikuwa ameiazima kadi ile jana baada ya kupoteza yake, kisha akairudisha. Akatazama viatu vyake. "Ilinidondoka chooni. Kwenye yale maji ya sakafuni, ya njano. Nikaifuta kwa sketi."

Dorine akaitema. Kinyaa kikampanda mpaka puani. Tangu jana anailamba!

"Mbona hukusema?"

"Niliona aibu."

"Kwa hiyo aibu yako ndiyo naitafuna mimi?"

Akasukutua, akatema, akasukutua tena. Uji ule hakuugusa. Alipotazama foleni, kila mdomo una kadi, zinang'aa mate, wengine wanapokezana. Na wiki hiyo nusu ya bweni walikuwa wanaharisha.

Kusema ilikuwa kazi. Kuazimana kadi ni kosa, wote wawili wangeadhibiwa. Lakini akinyamaza, watu wataendelea kulamba choo. Akamshika Jane mkono, wakaenda ofisini. Mwalimu mkuu, Mwalimu Egidi, alikuwa anachagua kadi za mwaka mpya pamoja na Matroni Benigna.

"Shikamooni."

"Marahaba. Mbona mmenuna?"

Dorine akaeleza yote. Jane akaongeza mwenyewe habari ya yale maji. Mwalimu Egidi aliyekuwa anakunywa chai akaweka kikombe chini, taratibu, asikishike tena.

"Mimi nilitaka tubaki na kadi mbili," alisema. "Ni rahisi."

"Rahisi kwa nani, Mwalimu?" Matroni akauliza. "Mtoto ana mikono miwili tu. Tuchukue hizi zenye teknolojia mbili. Kadi moja inasomwa na mashine ya zamani ya getini na mpya ya bwalo. Ina picha yake, anaivaa shingoni."

Mwalimu Egidi akakubali. Adhabu haikukosekana: wasichana hao wawili walisugua choo kile wiki nzima, wakibana pua.

Siku ya kugawa kadi mpya, Matroni alimvalisha kila mtoto yake. Alipofika kwa Dorine na Jane akapaza sauti wote wasikie:

"Kitambulisho ni kama mswaki, wanangu. Hakiazimwi. Na ukimchafulia mwenzako kitu, mwambie kabla hajakitia mdomoni."