Chumba cha Kiti Kimoja

Kiti kilikuwa kimegeuka. Kiti chenyewe hakikuzidi ukubwa wa jino, kadibodi tupu iliyokatwa kwa wembe na kushikizwa kwa gundi, na jana yake Rula alikiacha kikitazama mlango wa modeli yake, chumba kidogo cha kadibodi. Leo kilitazama ukuta. Akakibandua kwa kibanio, akakirudisha kilipokuwa, akasubiri gundi ikauke, kisha akamtupia jirani yake wa meza jicho la pembeni. Katika studio ile, jambo lolote likimwendea kombo, alijua pa kuanzia kutafuta mchawi.

Jirani huyo walimwita Asali, na jina halikumpata bure. Walimu waliangua kicheko kwa mizaha yake isiyochekesha. Fundi wa karakana alimkatia mbao kabla zamu yake haijafika. Hata mashine ya kuchapa michoro, iliyozoea kumtafunia Rula karatasi, ikimwona Asali ilitema mchoro safi kama inamwamkia. Na baya kuliko yote, alikuwa mtu mwema. Angekuwa na roho mbaya kidogo tu, Rula angepata pa kupumulia.

Rula naye aliitwa hivyo kwa sababu hakuingia chumba chochote bila kukipima kwa macho. Kazi yake ilikuwa safi kuliko ya wote, mistari imenyooka, vipimo havikosei hata unywele, na watu walikuja mezani kwake, wakasema "safi sana", wakapita kwenda kwa Asali. Mwaka mzima wa shahada ya uzamili ya usanifu wa ndani alikuwa akimeza hayo "safi sana" kama dawa chungu.

Kazi ya mwisho ilikuwa chumba cha mtu mmoja. Mtu mwenyewe si wa kweli. Kila mwanafunzi ambuni mteja wake, amjue mpaka ajue analalia ubavu gani, kisha amjengee chumba. Chumba kimoja tu, kitakachochaguliwa na jopo, kingejengwa kwa ukubwa wake halisi katika ukumbi wa chuo, watu waingie waketi, na jina la mbunifu liandikwe juu ya mlango. Rula alilitaka jina lake pale juu kuliko alivyoitaka shahada yenyewe.

Asali alimbuni mkunga anayefanya kazi usiku na kulala mchana. Akampa dirisha kubwa lenye mapazia ya tabaka tatu, jua linaingia limechoka, halimwamshi mtu. Profesa alipoiona modeli alivua miwani akafuta macho. Rula akapiga makofi pamoja na wengine, akaenda chooni, akafungulia maji kwa nguvu ili asisikike.

Ndipo alipombuni Mpangaji.

Studio yao ilikuwa na utaratibu wake. Mbunifu huketi na mteja wake wa kubuni, kiti kwa kiti, akamhoji kwa sauti na kujijibu mwenyewe. Mahojiano yakiisha humwambia, "Chumba ni chako," ndipo hushika kalamu. Wengi walilifanya hilo huku wakicheka. Rula alingoja wenzake waende kula mchana, akaketi mbele ya kiti kitupu, akauliza, na majibu yakatoka palepale palipokuwa pakimuuma. Dirisha unataka? Sitaki, watachungulia. Viti vingapi? Kimoja, sina mgeni. Na mlango? Ufunguke kutoka ndani tu. Changu ni changu, sigawani na mtu.

Akafika kwenye dari. Alikuwa amekwisha kupanga jibu la kawaida, urefu wa mtu na nafasi ya kunyoosha mkono, lakini jibu lililomtoka mdomoni lilikuwa jingine. Juu zaidi. Bado. Bado. Aliandika kipimo ambacho hakuna binadamu wa kukihitaji, akakipenda, akasema, "Chumba ni chako." Kile kiti cha mbele yake kikalia kidogo, kama kiti kinavyolia mtu mzito akiinuka. Rula alicheka peke yake, akaanza kuchora.

Profesa alisimama mbele ya modeli ile mpaka chai yake ikapoa. "Huyu mtu nimemwona," alisema polepole. "Simpendi, lakini nimemwona." Asali alikuja baada yake, akainama, akachungulia ndani kwa muda mrefu, na alipoinuka uso wake ulikuwa na kitu ambacho Rula alikuwa akikiona kila siku kwenye kioo chake mwenyewe. Ilikuwa siku tamu kuliko zote alizowahi kukaa pale. Kiti kiliendelea kugeukia ukuta. Alichoka kukirudisha, akakiacha.

Nyumbani aliishi na mama yake katika vyumba viwili vya ghorofani. Mama alikuwa fundi cherehani, akishonea sebuleni karibu na dirisha. Ilianza na dirisha hilo. Mama akilifungua asubuhi, akienda jikoni na kurudi, analikuta limefungwa na komeo limekazwa. Kisha ikaja harufu, ya plasta mbichi na chumba kilichofungwa miaka, ikawa inatangulia mbele yao kila walikoingia. Kisha viti. Viti vya meza ya kulia vikawa vinakutwa kibarazani, vimepangwa mstari, vyote isipokuwa kimoja.

Mama alidhani ni masomo. Alimwambia binti yake kwamba mazoezi ya chuo yabaki chuoni, yeye nyumba yake aliipanga kabla Rula hajazaliwa na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Rula aliomba msamaha kwa kosa asilolifanya, maana moyoni alikwisha kuujua mpangilio ule. Dirisha hapana, kiti kimoja. Aliutambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. Alinyamaza. Jopo lilikuwa linakaribia kukaa, na hakutaka jambo lolote liiguse modeli yake.

Kisha cherehani ya Mama ikakutwa nje, kwenye ngazi, imeelekezwa chini kama inafukuzwa.

Usiku huo wote wawili waliisikia sauti, na kila mmoja akadhani anaisikia peke yake. Ilikuwa sauti ya futi ya chuma, ile inayovutwa kutoka kwenye kibweta chake na kujirudisha kwa kishindo, nayo ilianzia sebuleni, ikavutwa taratibu, ikajirudisha, ikavutwa tena karibu zaidi, ikaingia ukumbini, ikapima mlango wa jikoni, ikapima mlango wa chumba cha Mama, ikanyamaza kwa muda ambao Rula alikaa akiuhesabu moyo wake badala ya kuinuka, kisha ikavutwa kwa mara nyingine ndani ya chumba chenyewe, polepole mno, kama mtu anayepima kitu kilicholala na hataki kukiamsha.

Asubuhi Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kanga ameikaza mabegani.

"Mwanangu," alinong'ona, "kuna mtu amenipima."

"Umeota, Mama."

"Nilikuwa macho. Chuma baridi, kutoka kisiginoni mpaka hapa." Akagusa utosi. "Na ndoto haiandiki."

Akageuza mto. Juu ya foronya palikuwa na msalaba wa kalamu ya risasi, mistari miwili iliyokatana, imepigwa kwa rula. Rula aliitambua mara moja. Katika michoro yao alama ile ilikuwa na maana moja, na wanafunzi walifundishwa hiyo wiki ya kwanza. Kitu chenye alama ile ni cha kuondolewa.

Shangazi ndiye aliyemleta mganga, mchana wa siku ya mapumziko. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, mkoba wake wa ngozi umechakaa pembeni. Hakutikisa kichwa wala hakupiga chafya za kutisha watu. Aliingia, akavuta pumzi, akazunguka kila pembe akiwa amekunja pua, akaketi kwenye kile kiti kimoja bila kukaribishwa, akamtaka Rula aeleze masomo yake. Rula alieleza. Alipofika kwenye mahojiano, mganga alimkatiza kwa mkono.

"Ngoja. Ulimuuliza anataka nini?"

"Ndiyo. Ndivyo tunavyofanya."

"Akakujibu, ukampa?"

Rula akaitikia kwa kichwa.

Mganga alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Alisema kazi yake yote ndiyo hiyo, kumpandisha jini kichwani na kumuuliza anachotaka, naye hutaka pete, hutaka ubani, hutaka kitambaa chekundu, akipewa anatulia. Tangu aanze kuagua hajapata kusikia mtu aliyemuuliza jini anataka nyumba gani, akaichora mpaka dari.

"Sasa sikiliza vizuri," alisema, sauti ameishusha. "Huyu hana ugomvi na mama yako. Anajiondolea vitu visivyo vyake, basi. Uende leo, ukivunje kile chumba kwa mkono wako, umwambie si chako tena. Kikikubaliwa na hao wakubwa wenu, kikajengwa kwa ukubwa wake, mimi msiniite."

Mama alimtazama binti yake tu, na Rula akala yamini kwamba atakivunja.

Alikuwa na nia ya kweli, hilo asisingiziwe. Njia nzima alikuwa akijipa moyo kwamba vyumba viko vingi na mama ni mmoja. Studio ilikuwa tupu, jua la alasiri limelala juu ya meza, na mwisho kabisa alikuwa ameketi Asali, mgongo kwake, anafanya kazi. Harufu ya plasta mbichi ilikuwa imejaa. Rula alizoea kuikuta kwenye meza yake, ila safari hii, kadiri alivyoikaribia meza yake, ilipungua. Akainama kwenye modeli. Ndani mlikuwa na kadibodi, na gundi, na kiti kinachotazama mlango kwa adabu. Hamkuwa na mtu.

Akageuka. Asali alikuwa akibandika karatasi nyeusi kwenye lile dirisha zuri la mkunga, kipande juu ya kipande, vidole vimejaa gundi. Kando yake, kwenye kopo la takataka, mlikuwa na viti vyote vya modeli yake isipokuwa kimoja.

"Usinikasirikie, Rula," alinong'ona bila kugeuka. "Nilikuwa nakuja kuchungulia chako kila ukiondoka. Usiku silali kwa wivu. Sikujua unauma hivi." Akabandika kipande kingine. "Halafu huyo Mpangaji wako akaanza kunijibu mimi. Anasema kwangu kumekaa vizuri zaidi. Nikishapandisha dari tu, anahamia."

Hapo ndipo Rula angemshukuru Mungu na kukimbia. Mzigo ulikuwa unajitua wenyewe. Hakuhitaji kuvunja kitu wala kupoteza kitu, na mama yake angeshona kesho dirisha likiwa wazi. Alilijua hilo lote kwa wakati mmoja, na wakati huohuo kitu kikampanda kutoka tumboni, kikapita kifuani kikichoma, kwa sababu Profesa alikuwa wa Asali, na fundi wa karakana alikuwa wa Asali, na mashine ya kuchapa na makofi na vicheko vyote vilikuwa vya Asali, na katika dunia hii nzima alikuwa amepata mmoja, mmoja tu, aliyemtoa ndani ya uchungu wake mwenyewe, akamlisha huo uchungu na kumpimia kila pembe, na hata huyo sasa, kama wote waliomtangulia, alikuwa amesimama mezani kwake, akasema safi sana, akapita kwenda kwa Asali.

"Ni wangu," alisema.

"Mchukue," Asali alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Tafadhali. Mchukue."

Rula alirudi mezani kwake, akashika modeli kwa mikono miwili kama mtu anavyoshika uso wa mtoto. Akaweka mdomo kwenye ule mlango mdogo. "Chumba ni chako," alisema. "Na mimi pia. Usiende kwake." Harufu ilirudi taratibu kutoka mwisho wa studio, ikapita juu ya meza moja baada ya nyingine, ikamfikia, ikamzunguka shingo. Asali aliinamisha kichwa mezani akalala palepale, usingizi wa mtu aliyetoka homa.

Jopo halikubishana. Rula alilala palepale studio, na kesho yake jina lake lilisomwa mbele ya wote, na mafundi wakaambiwa waanze kupima ukumbi jioni ileile. Asali alimpongeza kwa mikono miwili, uso mkunjufu, dirisha la mkunga limebanduliwa karatasi. Rula alipokea pongezi zote, na zote zilikuwa tamu, akapanda ngazi za kwao akiwa na habari njema mdomoni na uongo nyuma yake.

Mama alifungua mlango.

"Umekivunja?"

"Nimekivunja, Mama."

Mama alimtazama usoni, kisha juu ya bega lake, kisha juu zaidi, shingo inakunjika nyuma mpaka macho yalipofika usawa wa kizingiti cha juu. Hakupiga kelele. Alijibanza ukutani, akakusanya kanga yake, kama mtu anayepisha watu wawili kwenye njia nyembamba. Walipokwisha kupita alichukua mkoba wake msumarini, akavaa viatu palepale nje, akashuka kwenda kwa Shangazi.

Rula alisimama sebuleni akisikiliza nyayo za mama yake zikipungua ngazini. Alitaka kumwita. Alikuwa anaogopa. Lakini chini ya woga ule palikuwa na furaha moja ndogo, ya aibu, ambayo hangemwambia mtu, na aliishikilia hiyo. Asali hakumpata.