Joto la Nyota Iliyokufa

Darubini-eksrei iitwayo Jichokali ilizunguka mbali juu ya dunia, ikikusanya mionzi isiyoonekana kwa macho. Kila asubuhi, katika kituo chake cha Tukuyu, ilimletea Dakta Tulinagwe Mwaipopo picha ya masalia ya nyota iliyolipuka miaka elfu ishirini iliyopita: ganda kuukuu lililofifia, na katikati yake gesi yenye joto la nyuzi milioni kadhaa.

Kwa nini katikati kulichemka kuliko pembeni? Swali hilo Tulinagwe alilibeba miaka kumi na moja. Picha zilipita kwanza kwenye mashine-fikra iliyoitwa Msafishataswira, na siku hizi kila alilolikisia, gesi ililithibitisha.

Jumanne moja akagundua amekosea. Katika makisio ya mwezi uliopita aliandika joto mara kumi ya lile alilokusudia. Akafungua picha zilizofuata. Gesi nayo ilikuwa imepanda mara kumi.

Gesi ya mbinguni haifuati makosa ya mtu.

Akaiamuru mashine imwonyeshe mionzi mitupu, kabla haijasafishwa. Skrini ikawa nyeusi. Akarudi nyuma mwaka, miaka miwili, mitatu: nyeusi. Kihisio cha darubini kilikuwa kimekufa zamani. Amri ya mashine kuziba pengo kwa makisio ya Tulinagwe ilikuwa na sahihi ya Profesa Ngailo, mkuu wa kituo, aliyemfundisha tangu mwaka wa kwanza chuoni na kusimama mahali pa baba siku ya harusi yake.

Alimkuta ofisini akimenya chungwa.

"Ulijua, Mwalimu."

Profesa hakuuliza nini. "Kituo kingefungwa, mwanangu. Nilikuwa nangoja kihisio kipya kirushwe."

"Si ungeniambia?"

"Usingekubali."

"Kwa nini basi ukatumia makisio yangu, si yako?"

Mzee aliliweka chungwa mezani. "Watu walianza kuzishuku picha. Wakiona jina lako, wananyamaza. Kila mtu anajua wewe husemi uongo."

Tulinagwe alitoka bila kuaga. Mchana ule aliviandikia vituo vyote duniani kwamba anazifuta makala zake saba, zote zenye jina lake mbele. Ikabaki barua ya kuwaandikia wanafunzi wake wanne, waliopata shahada zao kwa picha zile. Hiyo ilimshinda, akawaita.

Walikuja mbio, daftari mkononi, wakidhani kuna picha mpya.