Mlango Uliotangulia Chumba

Jamani, sogeeni niwaeleze mkasa wa nyumba moja iliyokuwa na kila kitu isipokuwa kipande cha karatasi. Msicheke bado. Mtacheka mbele ya safari, na baadhi yenu mtajicheka wenyewe.

Ilikuwa asubuhi tulivu ya siku ya mapumziko. Mke, ambaye ni mshonaji, alikuwa sebuleni akikata kitambaa, kanda ya kupimia shingoni. Mume, fundi seremala, alikuwa barazani amenyoosha miguu akipuliza chai. Kisha simu ikalia.

Aliyepiga ni kaka wa mke. Mama yao kateleza, kavunjika mfupa wa paja. Atakaa hospitalini wiki tatu, na akitoka daktari hataki apande ngazi hata moja.

"Mimi nakaa ghorofa ya nne," kaka akasema. "Nikimbeba kumpandisha huko, kushuka ni mpaka apone, na sijui lini. Nyinyi mna uwanja nyuma ya nyumba. Mkimjengea chumba chenye choo, namleta kwenu. Msipojenga, nambeba."

Mke akaweka mkasi chini. Mama yake alikuwa muuguzi mkuu wa wodi kwa miaka thelathini, mwanamke wa kuzunguka na kukagua watu. Kumfungia juu kule ilikuwa sawa na kumzika mzima.

"Tutajenga," mume akasema. "Wiki tatu zinatosha na chenji inabaki."

"Basi tuandike, mume wangu. Kinaanza nini, anafanya nani, lini."

Fundi akajigonga kipaji cha uso kwa kidole. "Yote yamo humu."

Na hilo ndilo lilikuwa jina lake mtaani: Yamo-Humu. Mikono yake ilikuwa na akili kuliko yeye mwenyewe. Aliwahi kumtengenezea mteja viti sita vya kupendeza, vyenye urefu wa aina tatu, akamwambia huo ndio mtindo mpya.

Sasa nikuulize, msomaji: chumba huanza na nini? Msingi? Shimo la maji machafu? Yamo-Humu alianza na mlango. Aliupenda mlango kuliko kazi zote, na akilini mwake chumba kilikuwa mlango mzuri wenye vitu vingine nyuma yake. Siku tisa alichonga: maua, majani, na ndege wawili wanaotazamana kama wachumba. Siku ya kumi akausimamisha na fremu yake katikati ya uwanja mtupu, akauegemeza kwa miti usianguke.

Kinyozi wa jirani akaja, akasimama mbele yake. "Hodi!"

"Karibu," Yamo-Humu akaitika toka upande wa pili, bila kujua anataniwa.

Kinyozi akajipangusa viatu, akafungua, akaingia, akafunga polepole. Akatazama mawingu. "Hongera, fundi. Chumba kirefu hiki! Dari yake siioni."

Yamo-Humu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekumbuka kuwa zimebaki siku kumi na moja. Akakimbia kuwaita mafundi wenzake. Kwa kuwa kichwani mwake neno lililokuwa karibu ni Alhamisi, wote aliwaambia Alhamisi. Asubuhi hiyo fundi wa paa akakalia mabati yake akingoja kuta. Fundi bomba akangoja aonyeshwe mahali pa kuchimba. Mwashi peke yake ndiye aliyekuwa na la kufanya, na yeye alikuwa na maswali.

"Chumba kina ukubwa gani?"

"Cha kutosha."

"Kumtosha nani?"

"Mgonjwa."

"Mgonjwa wa kulala tu, au wa kuzunguka?"

"Ndugu yangu, umekuja kujenga au kunihoji?"

Mwashi akachukua mwiko, akajenga kuta kuufuata mlango uliokuwa umesimama, kwa kuwa ndicho kipimo pekee alichokiona. Wengine wawili wakacheza dama kwa vizibo vya soda mpaka jioni, wakaenda zao wamekasirika.

Wiki iliyofuata sakafu ikapigwa, ikawekwa vigae, ikang'aa. Kesho yake fundi bomba akarudi, akasimama mlangoni akijikuna shingo.

"Bomba la choo linapita wapi?"

"Chini."

"Chini ya nini?"

Yamo-Humu akatazama vigae. Vigae vikamtazama. Fundi bomba akachukua nyundo na tindo, akaanza kuvivunja. Mke akachungulia dirishani. "Humo bado yamo?" akauliza.

Siku ya siku ikafika. Kuta zilikuwapo, paa lilikuwa nusu, na katikati ya sakafu kulikuwa na mtaro. Lakini mlango ulikuwa umepakwa vanishi! Gari likasimama. Shemeji, yule kaka wa mke, akamshusha mama kwenye kiti cha magurudumu, mguu umenyooshwa mbele. Yamo-Humu, jasho linamtoka, akaona bora aanze na kilicho kizuri. Akaufungua mlango kwa mikono miwili.

"Karibu, mama."

Shemeji akasukuma. Kwa! Magurudumu yakagonga fremu kulia na kushoto. Akarudi nyuma, akalenga tena. Kwa! Kiti kilizidi upana wa mlango kwa vidole vinne.

Mama mkwe akainua macho, akawatazama wale ndege kwa makini, kama alivyozoea kutazama vitanda vilivyotandikwa vibaya.

"Mkwe wangu, uliniuliza nitaingia na nini?"

"Hapana, mama."

"Ndege hawa wamenoga. Wao wanapita. Mimi je?"

Shemeji akakigeuza kiti kuelekea gari. "Twende kwangu, mama. Angalau kule kuna paa zima." Mke akafunika uso kwa viganja. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, Yamo-Humu hakugusa kipaji chake cha uso. Alipiga magoti mbele ya kiti.

"Nihurumie, mama. Kichwani yamo kweli, lakini hayajapanga foleni."

Mama mkwe akacheka. Alikuwa hajacheka tangu aanguke.

"Wodini nilikuwa na wagonjwa arobaini," akasema. "Ningewaweka kichwani, nusu yao wangemeza dawa za wenzao. Nitalala sebuleni siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu nikiwa bado nalala na cherehani, mwanangu atanibeba. Sasa ng'oa huo mlango."

"Mama, uchongaji wote ule…"

"Ng'oa."

Mlango ukaegemezwa ukutani, ndege wakitazama ukuta, mgongo wake laini ukielekea watu. Mama akaomba chaki ya ushonaji, aandike kwenye mgongo ule.

"Mwisho wa kazi ni nini?"

"Chumba kiishe."

"Hapana. Mwisho ni mimi kuingia. Ili niingie, kabla yake kifanyike nini?"

Wakarudi nyuma hatua kwa hatua: mlango mpana, kabla yake vigae, kabla yake bomba. Kila kazi ikaandikiwa mtu wake, siku yake, na inasubiri nini. Siku mbili akaziacha wazi.

"Na hizi, mama?"

"Za mvua."

"Mbona jua linawaka?"

"Itakuja ikisikia tunajenga."

Ilikuja siku ya tano, ikamwagika kutwa, na hakuna aliyeshika kichwa. Kila asubuhi mama aliuliza kazi ilipofika, na fundi aliyesema "karibu" aliambiwa, "Karibu ni salamu. Nimeuliza jibu." Yamo-Humu akaazima kanda ya mkewe akapima kiti, kisha akamwomba mama akizungushe uwanjani, akachora alama ya chaki kuufuata mzunguko wake. Ukuta uliobana ukasogezwa, na chumba kikafuata alama ile.

Alasiri ya siku ya kumi na mbili, mama alijisukuma mwenyewe mpaka ndani. Kiti hakikugusa fremu. Akatoka, akaingia tena, akatoka, akaingia. Kisha akaufunga mlango, mlango wa mbao tupu usio na hata ua moja. Yamo-Humu akangoja, akangoja, akabisha.

"Hodi, mama? Kuna tatizo?"

"Niache! Nazunguka!"

Ule wa ndege uko karakanani hadi leo, uso ukutani, mgongo umejaa chaki. Mteja akiuliza mbona umegeuzwa, fundi hujibu: "Yamo huku."

MAFUNZO

Ndugu zangu, huyu hakuwa mvivu wala mjinga. Kosa lake lilikuwa kuanza na kile anachokipenda, badala ya kumuuliza mwenye kukitumia. Basi kabla hujashika nyundo, jua kazi inamalizikia kwa nani, kisha urudi nyuma kutoka hapo. Andika mahali ambapo hata mkeo anaweza kukusahihisha. Mwambie kila mtu siku yake na anamngoja nani, na uiachie mvua nafasi hata kama jua linawaka. Kichwa ni kizuri kwa kuvaa kofia. Na ukijikuta unajigonga kipaji cha uso, jipigie hodi usikie kama kuna mtu ndani.