Doa la Mawese Shingoni kwa Profesa

Jumatatu hadi Jumatano, Profesa Enobong Udoh alifundisha sheria chuo kikuu hapa mjini Uyo. Alhamisi na Ijumaa alivaa joho jeusi akaenda mahakamani kutetea watu. Binti yake Idara, mwenye miaka kumi na miwili, alijivunia kazi zote mbili. Kila Jumatano jioni alipiga pasi vile vitambaa viwili vyeupe ambavyo wakili hufunga shingoni, akampa Mfoniso, mwanafunzi wa Profesa aliyempangia sanduku lake.

Jumatano hii hakupiga pasi kitu. Vitambaa vilikuwa chini kabisa ya mkoba wake wa shule, vimekunjamana, vina doa la mawese kubwa kama kidole gumba.

Chanzo kilikuwa Utibe, mdomo mrefu kuliko wote darasani. "Mama yako mwalimu tu," alimwambia. "Mawakili wenyewe hawashiki chaki!"

"Mwalimu tu? Subiri uone!" Idara alijibu. Asubuhi akavichukua vitambaa kimyakimya. Wakati wa mapumziko akavivaa, akatembea kifua mbele akitoa hoja huku ameinua juu bagia ya kunde iliyokaangwa kwa mawese. Watoto walicheka mpaka machozi. Bagia nayo ikamponyoka, ikatua shingoni.

Jioni ile Mama aliuliza bila kuinua macho kwenye makaratasi yake, "Idara, vitambaa tayari?"

"Tayari, Mama. Nimempa Dada Mfoniso."

Neno likamtoka hivihivi. Alijipa moyo kwamba Mama hakosi vingine.

Kesho yake Mwalimu Essien alilipeleka darasa la kina Idara mahakamani wajionee kesi. Ilikuwa kesi ya wanawake wanaouza kamba wakavu sokoni. Kampuni moja ilitaka kuvunja vibanda vyao Jumamosi, na Profesa alikuwa akiomba jaji azuie hadi kesi isikilizwe. Katika kibanda kimojawapo Bibi yake Idara aliuza kamba miaka ishirini, akamsomesha binti mpaka akawa profesa. Wanawake walijaa ukumbini, vilemba vimesimama. Kesi yao iliitwa ya mwisho, mawakili wengine wameshaondoka.

Profesa akavaa haraka yaliyokuwemo sandukuni, akasimama. Joho lilikuwepo, wigi lilikuwepo, ila shingo ilikuwa tupu.

"Nasikia sauti," jaji akasema taratibu, "lakini simwoni wakili."

"Kha! Kwani huyu jaji kipofu?" mama mmoja mnene akanong'ona nyuma, na jirani yake akamfinya. Jaji alikuwa anaona vizuri sana. Ndivyo mahakama zetu zilivyo: wakili ambaye mavazi yake hayajakamilika haonekani wala hasikilizwi.

Wakili wa kampuni akaruka kama aliyekalia msumari. "Mheshimiwa, basi tuahirishe hadi baada ya likizo ya mahakama!"

Likizo ilikuwa miezi miwili. Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Mama mnene akaanza kulia waziwazi.

"Nampa Profesa dakika kumi," jaji akasema, akatoka.

Profesa alimgeukia Mfoniso. "Vitambaa viko wapi?"

"Sikupewa, Profesa. Nilidhani umevichukua mwenyewe."

"Idara alikupa jana."

"Hakunipa, Profesa. Naapa."

"Mfoniso, kusahau nitakusamehe. Usimsingizie mtoto. Binti yangu hasemi uongo."

Maneno hayo yalimchoma Idara kuliko kofi. Mfoniso aliinamisha kichwa, machozi yakimdondokea viatuni. Utibe alikuwa amekaa pembeni, macho yamemtoka. Idara alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini dakika zilikuwa zinakwenda. Akafungua mkoba. Akapita katikati ya wanawake mpaka mbele.

"Mama, ninavyo mimi," alisema, na ukumbi mzima ukasikia. "Nilivipeleka shuleni kuringia. Nikavichafua, nikakudanganya. Dada Mfoniso hana kosa lolote."

Profesa alimtazama, akalitazama doa. Akavifunga shingoni vilevile.

Jaji aliporudi akainamisha miwani. "Profesa, una doa."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nimejua limetoka wapi, na nimekubali kulivaa."

Jaji alitabasamu kidogo. "Sasa nakuona. Endelea."

Na aliendelea! Alieleza sheria kama anavyoeleza darasani, polepole, hatua kwa hatua, hata Utibe akaelewa. Wakili wa kampuni alipinga mara tatu, na mara tatu akajibiwa, akakaa mwenyewe. Mwishowe jaji akaamuru: hakuna kibanda kitakachoguswa hadi kesi iishe. Wanawake walitoka nje wakiimba na kucheza, mama mnene akiwa mbele yao.

"Idara," Utibe akasema, "mama yako ni kiboko. Kumbe chaki ndiyo inamsaidia!"

Idara alitabasamu kwa shida, kwa sababu Mama alikuwa anamwita. Kwanza Profesa alimshika Mfoniso mikono miwili. "Nimekukosea mbele za watu, kwa hiyo nakuomba radhi mbele za watu." Idara naye akaomba, akilia, na Mfoniso akamfuta machozi kwa ncha ya mkono wa gauni lake.

Walipofika garini Idara aliuliza, "Mama, umenikasirikia?"

"Sana. Uongo wako nusura uwanyang'anye wale mama riziki yao, na umemliza asiye na kosa. Vitambaa hivi utavifua wewe, na hutavigusa tena mpaka nikuruhusu." Kisha sauti ikalainika. "Lakini leo nimekujivunia pia. Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii, na nimewaona watu wazima wengi wakishindwa kufanya ulichofanya. Kosa likikutoka, liseme mapema, kabla mwingine hajalibeba. Jana ulivaa vitambaa vyangu ili watu wakuone. Leo umesimama bila kitambaa, na mahakama nzima imekuona."