Konokono wa Tano

Mwaka nilipokuwa darasa la sita, kila nikitoka shule nilikuwa napitia kazini kwa mama. Namsalimu bawabu, nanawa mikono kwenye sinki la mlangoni, kisha nakaa kwenye ncha ya meza yake ndefu kufanya kazi za shule. Chumba kilinuka spiriti. Rafu zilijaa chupa ndogo, na ndani ya kila chupa mlikuwa na konokono wa baharini na kikaratasi cha kueleza walikotolewa.

Kazi ya mama ilikuwa kuwapanga konokono hao: huyu ni wa ukoo huu, yule ni wa ukoo ule. Waliletwa na mashine iliyozamishwa zaidi ya kilomita mbili, hadi chini kabisa ya bahari, ambako jua halifiki na maji ya moto yanabubujika kwenye nyufa za miamba. Wengine walikuwa na gamba lililojizungusha. Wengine walikuwa na gamba kama kofia ndogo, isiyozidi ukucha wangu, na hao ndio mama aliowapenda zaidi. Mtaani walimwita Mama Konokono, naye aliitika bila kinyongo. Mimi ndiye niliyeudhika.

Darasani kwetu kulikuwa na kijana tuliyempa jina la Wakili, kwa sababu alibishia kila kitu. Hata kengele ikilia, alibisha kwamba bado. Siku moja mwalimu wa sayansi alitufundisha jinsi viumbe wanavyotegemea jua. Nikanyoosha mkono, nikasema wapo konokono wasiolijua jua, wanaotegemea bakteria wanaojipatia nguvu kutokana na kemikali za maji ya moto. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali.

Kipindi kilipoisha, Wakili alinigeukia. "Wewe umewaona wapi? Mama yako anaokota makombe ufukweni, halafu anakufunga kamba!"

Darasa zima likaangua kicheko. "Kesho nitakuletea mmoja umwone," nikajibu. Neno lilishanitoka, na kulirudisha sikutaka.

Jioni hiyo, mama alipotoka kwenda kuonana na mkuu wake, nilifungua chupa yenye konokono-kofia watano. Nilimtoa mmoja kwa kibano, nikamfunga kwenye pamba, nikamtia kwenye mkebe wangu wa kalamu. Nilijiambia kwamba kesho yake nitamrudisha na hakuna atakayejua.

Wakati wa mapumziko kila mtu alitaka kumshika. Alipita mkono huu, akapita mkono ule, akaanguka, na kabla sijainama, kiatu kimoja kilikuwa kimeshamkanyaga. Hata sikujua ni cha nani. Kilichobaki sakafuni kilikuwa vipande vidogo visivyookoteka.

Hapo ndipo nilipaswa kwenda kumwambia mama. Badala yake, tulipotoka shule, nilikwenda kwenye miamba iliyo nyuma ya soko la samaki. Kule pia wapo konokono wenye gamba la kofia, wamejigandisha mwambani kama wamepigwa gundi. Nilimbandua mdogo mmoja kwa rula. Alikuwa na mistari mingi kuliko wale wa mama, lakini nilijifariji kwamba kofia ni kofia. Kabla ya jioni alikuwa ndani ya chupa pamoja na wale wanne. Nikahesabu watano, nikashusha pumzi.

Siku nne baadaye nilimkuta mama ameinamia hadubini, hata salamu yangu hakuisikia. Alipoinua uso, macho yalikuwa yanang'aa.

"Njoo uone! Huyu hafanani na wenzake. Anafanana na wale wa miamba ya ufukweni, wanaoishi juani. Amefikaje kule chini gizani?" Kisha akaishika ile chupa. "Mwanangu, hebu niambie. Uliifungua chupa hii?"

"Hapana, mama."

"Hata kuigusa?"

"Hata kuigusa."

Aliniamini papo hapo, na hilo ndilo lililoniuma. Nilimsikia akimwambia mkuu wake kwenye simu, "Nimeshauliza wote. Binti yangu hukaa humu, lakini yeye hanidanganyi. Namjua."

Juma lile mama alikuwa na furaha kama bibi harusi. Aliosha vyombo huku akiimba. Alimpigia bibi simu kumweleza habari za konokono wa ajabu, na bibi, ambaye konokono kwake ni wadudu wa bustanini, alimpongeza vilevile. Ijumaa wangekuja wataalamu kutoka miji mingine, na mama angesimama mbele yao kuwasomea alichogundua. Mimi chakula kilikuwa hakishuki. Mama alinipapasa paji la uso akidhani nina homa, akanifunika shuka, akaniita kipenzi chake. Kila aliponibembeleza, aibu ilinizidi. Nilitamani anifokee kwa jambo lolote lile.

Ijumaa asubuhi alivaa gauni lake la bluu, akasimama mbele yangu na karatasi mkononi. "Haya, nimependeza?"

Nikaangua kilio. "Mama, konokono wa tano si wa kule chini. Nilimtoa mimi kwenye miamba ya sokoni."

Mama akakaa kitini taratibu. "Wa kwetu yuko wapi?"

Nikamweleza yote, kuanzia Wakili hadi rula. Hakunikatiza. Nilipomaliza, alizikunja zile karatasi, akazikunjua, akazikunja tena.

"Nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nilikuuliza mara mbili."

Angenifokea, ningepata nafuu. Aliniambia tu nivae viatu.

Mkuu wake, mzee mmoja mwenye miwani minene, alitupokea mlangoni. "Wageni wote wameshafika," alisema kwa uchangamfu. "Wanakusubiri wewe na huyo konokono wako!"

"Shikamoo, mzee. Yule konokono ametoka ufukweni," mama akasema. "Hatufai kwa lolote. Chupa ilikuwa mikononi mwangu, kwa hiyo kosa ni langu. Na nilikwambia binti yangu hanidanganyi. Hilo nalo nilikosea."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Si kosa la mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyemweka, na aliponiuliza nikakataa."

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Uchangamfu wote ulikuwa umemtoka.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. "Konokono hana mdomo wa kutuambia ametoka wapi. Tunalolijua ni lile lililoandikwa kwenye kikaratasi chake. Ulipompoteza yule wa kwanza, tulipoteza konokono mmoja. Ulipomweka huyu, ulikifanya kikaratasi kiwe cha uongo, na mtu atakayekisoma miaka hamsini ijayo asingekuwa na wa kumuuliza. Kosa la kwanza lilikuwa dogo. La kulificha ndilo lililokuwa kubwa."

Niliketi kiti cha nyuma kabisa, nikamtazama mama akisimama mbele ya wageni. Aliwaambia wazi kwamba konokono wa tano ameondolewa kwa sababu hakutoka baharini kule chini. Mtu mmoja alicheka puani. Mama akangoja amalize, kisha akasoma habari za wale wanne: meno yao madogo yasiyoonekana ila kwa hadubini, mashavu yao ya kupumulia majini, na ukoo aliowaweka. Hakutaja jina langu popote.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika karibu na lango letu ndipo nilipopata ujasiri wa kumuuliza.

"Mama, utaniamini tena?"

"Leo siwezi," alisema. "Nikisema naweza, nami nitakuwa nakudanganya. Lakini ulisema kabla sijaingia mle ndani, na hilo nimeliona. Kuanzia sasa nitakuuliza mambo, madogo na makubwa, nawe utanijibu kweli hata ikikuaibisha. Aibu ya kusema kweli inaisha. Ya uongo inakaa." Akafungua lango, akanisubiri nipite. "Nilimwambia mzee kwamba hunidanganyi. Nataka siku moja nimwambie tena."